Mzee wa Jiko Hajala

Eeh, ni kweli, tulikwenda na watalii. Mama yako hajakudanganya. Sasa ulitaka twende na nani? Kibali cha sisi wenyeji kinatolewa baada ya Pasaka tu, siku zile watu wanapokwenda kula na wafu wao makaburini. Ukienda ofisini mwezi wa kumi ukasema mimi ni mtu wa Luhove, nataka kwetu, wanakuambia mzee, njoo Pasaka. Lakini ukisema mimi sina kwangu huko, nataka tu kupiga picha magofu ya Chernobyl, aah, karibu sana, basi linaondoka asubuhi. Ndiyo dunia hiyo. Mtalii anafunguliwa mlango, mwenye nyumba anaambiwa angoje.

Na sisi hatukuwa na muda wa kungoja. Bibi yako asingeifikia Pasaka.

Wewe ulikuwa Polandi unachuma matufaa ya watu, na mama yako hakutaka kukutia hofu kwenye simu. Nitakueleza, ila usinikatekate. Mimi nikikatwa napotea.

Kichwa cha bibi yako unajua kilivyoanza. Kwanza aliweka miwani ndani ya sufuria, tukacheka. Halafu akaanza kuniita mimi jina la kaka yake, tukacheka kidogo. Halafu asubuhi moja naamka, namkuta kaketi kitandani, kavaa koti, kafunga kitambaa kichwani, mkoba uko mapajani.

"Motria, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Siku tatu zimeisha. Basi likija uniite, nafumba macho kidogo."

Siku tatu! Hiyo ndiyo kauli ya wale wanajeshi, mwaka ule mtambo wa nyuklia ulipolipuka. Chukueni karatasi zenu na chakula cha siku tatu, mtarudi. Tukachukua mkate na mayai ya kuchemsha, tukamfungia mbwa akae alinde. Mwaka wa themanini na sita huo. Mayai yale niliyala njiani, mbwa sijui aliliwa na nani.

Basi, kutoka siku ile bibi yako akaacha kula. Si kwamba alikuwa anatapika au tumbo linamuuma. Anakaa mezani vizuri, anakata mkate, anachukua bakuli lake, anainuka, anakwenda kuliweka sakafuni pale ukutani kwenye chuma cha kupasha joto. Halafu anarudi anakaa, mikono mapajani.

"Kula, Motria."

"Yeye hajala, mimi nile vipi?"

"Nani hajala?"

"Mzee."

Nikadhani ananisema mimi. Nikamwambia mimi nimekula, mama, tazama tumbo. Akanitazama kama ninavyomtazama karani wa ofisi. "Wewe nani kakuuliza? Mzee wa jiko."

Wewe umezaliwa kwenye nyumba ya mabomba, hujui haya. Kwetu Luhove kila nyumba ilikuwa na mzee wake, anakaa nyuma ya jiko. Humwoni. Unasikia tu kitu kimekwaruza, paka kageuza shingo bila sababu, maziwa hayakuganda ulipotegemea yagande. Mama wa nyumba anamwekea kijiko cha uji jioni, na kimkate. Ukihama, unamchukua. Unaweka buti kuukuu la sufu mbele ya jiko, unamwambia, babu, sisi tunahama, ingia twende, huku hakuna wa kukupikia. Anaingia, unambeba. Lakini ukisafiri safari ndogo, sokoni, harusini, humuagi. Ni mwiko. Ukimuaga maana yake hurudi.

Sasa umeelewa? Walisema siku tatu. Bibi yako, tena kwa makusudi kabisa, hakumuaga. Aliona wanawake wengine wanalia, wanabusu milango, akawasema, "Nyamazeni, mnatutakia mabaya!" Akapita mbele ya jiko lake bila kuligeukia, ili turudi. Na mwanajeshi anapiga honi, hata ule uji wa jioni hakuuweka. Kijiji kizima hakuna aliyebeba mzee wake. Sisi wote tuliwaacha kwa sababu tulitaka kurudi.

Alipokuwa na akili zake hakuwahi kumtaja. Pasaka tulikuwa tukienda makaburini, anafunga kitambaa kwenye msalaba wa mama yake, anakula yai, anarudi kwenye basi, basi. Kuleee nyumbani kwetu hatukuwa tukifika, kuko mwisho wa kijiji. Halafu nyonga ikavunjika, tukaacha kwenda. Kumbe jambo hilo lilikuwa ndani yake muda wote. Akili zilipoondoka, huyu mzee ndiye aliyebaki.

Daktari akasema ni umri. Nikamwambia daktari, mimi ni mkubwa kwake na nakula viazi sahani mbili. Akasema basi, tumpeleke hospitali, watamlisha kwa mpira wa puani. Mama yako alikwenda nje akalia nyuma ya banda la kuku, mimi nikamsikia. Bibi yako amekuwa kama mwavuli uliokunjwa. Nikimwinua kumpeleka chooni nahisi nimebeba nguo zake tu, mwenyewe kabaki kitandani.

Nikajaribu ujanja. Nikakwaruza ukuta kwa ukucha jioni. "Unasikia, Motria? Mzee yupo hapa, alikuja na sisi." Akasikiliza. Akasema, "Hao panya." Na kweli panya tunao.

Ndipo nikamwambia mama yako, Raisa, tukamlete huyo mzee. Raisa akasema, baba, na wewe kichwa kimeanza? Nikamwambia mimi sijui kama yupo au hayupo, mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini najua mama yako anakufa kwa njaa na mkate uko mezani. Wewe una dawa nyingine? Hakuwa nayo. Usiku ule ule akatafuta kwenye simu yake, akapata basi la watalii ambalo kwenye safari yake wameandika: kijiji cha Luhove, kumtembelea bibi aliyebaki.

Bibi aliyebaki! Hapka huyo. Yule wa ng'ambo ya barabara yetu. Alirudi kwa miguu kupitia msituni mwaka uliofuata, wakamfukuza, akarudi tena, wakachoka. Sasa wanamwonyesha kwa watu kama dubu wa sarakasi.

Basi tukapanda. Raisa, mimi, bibi yako kafungwa mablanketi, na buti moja kuukuu la sufu ndani ya mfuko wa plastiki. Watalii vijana vijana, wamevaa kama wanakwenda vitani. Mmoja mrefu, Mholanzi, kamera imemning'inia kifuani kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Kiongozi wetu binti mmoja anaitwa Bohdana, kidude cha kupimia mionzi kiko shingoni kwake, kinalia ti, ti, ti, kama kifaranga kilichopotea. Anatangaza masharti: msikae chini, msiguse kitu, msile nje, msichukue kitu, msiingie ndani ya nyumba. Kisha anapita kiti kwa kiti anauliza watu wametoka nchi gani. Akafika kwetu.

"Na nyinyi, babu, mmetoka wapi?"

"Luhove."

"Luhove ya wapi?"

"Hiyo hiyo tunayokwenda."

Kidude kinalia ti, ti. "Babu," akasema polepole, "mngeniambia mapema. Hii ni safari ya watalii."

"Mimi ni mtalii, mjukuu wangu. Nimelipa. Nitashangaa nikifika, utaona."

Alitaka kucheka, akajizuia. Alimtazama bibi yako. Bibi yako alikuwa kalala mdomo wazi, meno yameonekana yote kama ya farasi aliyekonda. Binti akarudi mbele.

Mjini Prypyat, ule mji wa wafanyakazi wa mtambo, sisi hatukushuka. Wao walikwenda kupiga picha lile gurudumu kubwa la kuchezea watoto, sisi tukabaki ndani ya basi. Nikamjaribu bibi yako na chai, midomo ikafunga. Nikamwambia, Motria, onja tu, uwe na nguvu ya kumbeba mzee. Akasema, "Nikishiba nitalala. Nikilala mtanipitisha."

Tukafika Luhove mchana. Nisikufiche, mimi nisingejua. Barabara hakuna. Msitu umekula vichochoro, umekula ua, umekula duka. Nilisimama kama mjinga. Lakini bibi yako, ambaye kwenye nyumba ya matofali aliyokaa miaka yote hii alikuwa hajui choo kiko upande gani, alinishika mkono akaanza kutembea. Na ile nyonga! Anakanyaga majani, anainama chini ya matawi, "hapa kwa Savka, hapa kuna shimo, angalia", na kweli shimo lilikuwepo. Raisa nyuma yetu anasema mama, polepole, mama.

Bohdana anatukimbilia. "Babu! Bibi! Ndani ya nyumba hairuhusiwi! Mapaa yanaanguka!"

"La kwetu limeshaanguka, mjukuu wangu. Halina pa kuanguka tena."

Lilikuwa limeanguka kweli. Nusu ya nyumba imepiga magoti. Ndani, pale palipokuwa na kitanda chetu, mti umesimama, gome jeupe, mnene kama paja langu, umetokea juu. Na jiko, mjukuu wangu. Lile jiko nililijenga mimi na baba mkwe, tulichanganya udongo kwa miguu. Wezi wamekuja wakang'oa bamba la chuma, wakang'oa mlango wake, matofali yamemwagika. Kimebaki kisiki.

Bibi yako hakulia. Akapiga magoti kwenye vifusi, akatoa buti, akalilaza mdomo wake ukielekea jiko. Akakata mkate.

"Babu," akasema, kwa sauti ya heshima kabisa, sauti aliyokuwa akimpa mama yangu. "Mwenyeji wetu. Ni mimi Motria. Nimechelewa. Walisema siku tatu. Ingia twende, uji uko tayari."

Tukangoja. Mimi niliyesema sijui kama yupo, nilivua kofia. Unatakiwa uhisi buti limekuwa zito kidogo. Bibi yako akaliinua. Akalilaza tena. Akaita tena, safari hii kwa jina lile la ndani ambalo mwanaume hatakiwi kulisikia, nikaziba masikio. Akaliinua. Akalilaza. Akaingiza mkono wake kwenye majivu mpaka kwenye kiwiko, kama anayemzalisha ng'ombe, akapapasa, akautoa.

"Baridi," akasema. "Okhrim, kafa. Kafa kwa njaa. Mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa, Motria."

"Jiko baridi. Angekaa wapi?"

Nikalinyakua buti. "Zito! Motria, zito hili, yumo, shika uone!"

Akalishika. Akanitazama na macho yake ya zamani, yale yenye akili, ambayo nilikuwa sijayaona mwaka mzima, na laiti nisingeyaona. "Unanidanganya," akasema. "Unanidanganya tangu kwenye lile basi la siku tatu."

Akalala chini. Hivyo hivyo, ubavu kwenye matofali, shavu kwenye majivu, kama mtu aliyefika kitandani kwake. Akafumba macho. Raisa anamvuta, mama, inuka, mama, twende. Hainuki. Kidude cha Bohdana sasa hakisemi ti, ti, kinapiga kelele moja ndefu kama sufuria linalovuja mvuke, na yeye anapiga kelele juu yake. "Mwinueni! Mwinueni kwenye vumbi! Watanifukuza kazi! Babu, nakuomba!" Machozi yanamtoka. Mimi nimesimama. Nikawaza, labda nami nilale. Nafasi ipo. Usinitazame hivyo, ndivyo nilivyowaza.

Ndipo nikasikia cha, cha, cha. Yule mrefu kasimama dirishani na kamera yake. Nikaokota tofali la jiko langu. Sijawahi kumpiga mtu tangu ujana, lakini hilo tofali lilikuwa linaondoka. Akaona uso wangu, akaishusha kamera, akavua kofia. Lugha hakuwa nayo. Akaruka dirisha, akaja akapiga magoti pembeni ya bibi yako, hajui afanye nini, akamfukuzia vumbi usoni kwa kofia yake.

"Nani anaomboleza kwenye nyumba ya watu?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Kibibi kifupi, kimefunga vitambaa viwili kichwani, fimbo mkononi, mabuti ya mpira. Nilimjua kwa fimbo. Tangu ujana anatembea na fimbo, si kwa sababu ya miguu, kwa ajili ya mbwa wetu.

"Hapka!"

"Okhrim? Toba! Wewe bado hujafa?"

"Na wewe?"

"Nife, kuku nimwachie nani? Meno yako yamekwenda wapi?"

"Yako je?"

"Yangu yalipanda basi na nyinyi, hayakurudi." Kisha akamwona bibi yako chini, na uso wake ukabadilika. "Huyo ni Motria? Mbona kawa hivyo? Anafanya nini kwenye majivu?"

Nikamwambia. Mbele ya watu wote, mbele ya wageni, nikamwambia yote, uji, ukuta, siku tatu, buti. Nilipomaliza, Hapka akapiga fimbo chini.

"Motria! We Motria! Inuka huko, usinichekeshe. Unamwita nani hapa? Mzee wako yupo kwangu tangu niliporudi."

Bibi yako akafumbua jicho moja.

"Wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya jiko langu. Anakoroma usiku, paka wangu hana raha."

Akakaa! Mwenyewe, bila mkono wa mtu. Majivu yamempaka nusu ya uso. "Mwizi wewe!" akasema. "Mwizi! Ulichukua ungo wangu hukurudisha, ukachukua na mzee wangu!"

"Ungo nilirudisha!"

"Ukiwa umetoboka!"

"Ulitoboka kwako!"

Raisa anacheka na kulia pamoja, anafuta pua kwa mkono. Kwa miezi mama yake hakuwa ametoa maneno mengi hivyo. Tukamwinua, mimi upande mmoja, Mholanzi upande mwingine, tukavuka ilipokuwa barabara, wale vijana wengine nyuma yetu.

Nyumba ya Hapka imesimama. Mapazia meupe, kuku mlangoni, na jiko, jiko zima, lina moto. Ukiingia joto linakupiga usoni kama mkono wa mama. Chungu kinachemka. Nyuma ya jiko, pale kwenye upenyo, kuna kisahani. Bibi yako alikiona kabla ya kitu kingine chochote. Akaenda moja kwa moja, akainama kwa shida, akaweka buti chini.

Na Hapka akaweka fimbo yake juu ya buti.

"La," akasema. "Huyo humchukui."

"Wangu."

"Alikuwa wako. Wewe uliondoka."

Nikadhani anatania. Nikatazama uso wake, hatanii. Nikamvuta pembeni ya dirisha. "Hapka, dada yangu, usinifanyie hivi. Hajala. Wanataka kumtia mpira puani. Mpe tu, mpe hata kama hayupo, sema ingia, aingie, tuondoke. Nitakuletea unachotaka, nitakuletea sukari, betri..."

"Sukari wananiletea hawa." Akaonyesha watalii kwa kidevu. "Wanaleta sukari, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe unaye Motria. Unaye Raisa. Majira ya baridi theluji inafika dirishani, Okhrim, mimi nasema 'habari za asubuhi' ndani ya nyumba hii, nani anaitika? Unajua ni nani? Unataka umchukue, halafu mimi niitikiwe na nani?"

Nilikuja kuokoa wangu, na naona nimeshika koo la mwingine. Nikapiga magoti. Ndiyo, mimi. Magoti haya. Nikasema, Hapka, anakufa. Akasema, na mimi nitakufa, inuka, utaharibu suruali. Lakini hakuondoa fimbo.

Chungu kinachemka. Bibi yako bado kainama, mkono mmoja umeshika jiko.

"Hapka," akasema. "Unampa nini?"

"Nini?"

"Mzee. Unampa nini?"

"Uji wa uwele. Mbuzi akitoa maziwa, na maziwa."

"Chumvi?"

"Kidogo."

"Hapendi chumvi."

"Siku hizi anapenda. Kazeeka, ulimi hausikii."

"Kila siku unampa?"

"Kila jioni. Hata nilipokuwa na homa nilitambaa nikampa."

Bibi yako akafikiri. Ulikuwa unaona jinsi anavyofikiri, kama mtu anayepanda ngazi gizani, anapapasa kila kidato. "Alinililia?"

Nikamtazama Hapka, nikamwomba kwa macho adanganye. Hakudanganya.

"Alilia. Niliporudi toka msituni nilimsikia ndani ya bomba la moshi kwenu. Usiku baada ya usiku. Nikajisemea, atanyamaza, watu wake watakuja. Hamkuja. Nikashindwa kulala. Nikaenda na kikapu cha mayai, nikamwambia, babu, Motria kanituma. Ndipo akaingia."

"Ulimwambia mimi nimekutuma?"

"Sasa angenifuata mimi? Alikuwa hanijui."

Basi bibi yako akalishika lile buti, akalitoa chini ya fimbo. Hapka hakulizuia. Nikafikiri, sasa anambeba, imekwisha, na huyu mwingine nimemuua mimi. Lakini alilikung'uta, akampa Raisa.

"Rudisha kwenye mfuko," akasema. "Kwetu kule hakuna jiko. Atalala wapi, ndani ya bomba la maji? Abaki. Hapa ana joto." Kisha akamgeukia Hapka, na hapo ndipo alipokuwa mkali, bibi yako yule yule wa zamani. "Na jioni inaingia, wewe umesimama tu! Hujampa! Wageni wamejaa nyumba, mzee hajala!"

Hapka akatupa fimbo. Nakuambia aliitupa. Akachota uji chunguni, akampa bibi yako kisahani, naye akakiweka nyuma ya jiko kwa mkono wake mwenyewe, akanong'ona jambo. Alikaa hapo muda. Paka akageuza shingo.

Nilisikia kitu? Usiniulize hivyo. Chungu kilikuwa kinachemka.

Bohdana akakohoa. "Bibi Hapka, muda. Na kula hapa hairuhusiwi, wanajua, nimewaambia..."

"Wewe binti," Hapka akamkata, "kila wiki unaniletea watu wanitazame. Umewahi kukaa kwenye nyumba hii? Hata mara moja? Kaa!"

"Viazi hivi vimetoka kwenye udongo huu, bibi."

"Na mimi nimetoka kwenye udongo huu. Kaa."

Binti alisimama na kidude chake, ti, ti. Akamtazama bibi yako, namna vile vidole vilivyobaki mifupa. Akazungusha kitu pembeni, kidude kikanyamaza, akakivua shingoni akakitundika msumarini na vitambaa vya Hapka. Kwa ajili ya vijana akaleta mikate yao na nyama za kopo kutoka kwenye basi, wakae nazo, vya kwetu wasiguse. Mholanzi hakusikia hilo sharti, au alijifanya hasikii. Alikuwa keshakamata tango la chumvi.

Mezani palikuwa na uji ule ule, viazi, uyoga, mafuta ya nguruwe ya chumvi, na chupa ya gongo iliyozibwa kwa gunzi. Viti havitoshi, wakaleta ubao wakauweka juu ya ndoo. Hapka akaenda kukaa pale mbele, kwenye nafasi ya mama wa nyumba, anayekata mkate. Akakuta bibi yako amefika kabla yake, kakaa, kisu kiko mkononi, anatutazama.

"Karibuni," bibi yako akasema. "Kaeni, kaeni, mbona mmesimama kama kwenye msiba? Hapka, jirani, kaa, usione aibu, jisikie kwako."

Raisa akataka kumwinua. "Mama, hapa siyo..."

Hapka akamzuia kwa mkono. Alisimama kidogo ameshika mgongo wa kiti. Kisha akazunguka meza, akaja akajibana kwenye ubao pembeni yangu, kwenye nafasi ya mgeni, nyumbani kwake mwenyewe.

"Asante, Motria," akasema. "Nimekaa."

Bibi yako akakata mkate, akaugawa, mkubwa kwa mrefu, mdogo kwa binti, akahesabu kwa macho kama kuna aliyesahauliwa. Hakuna. Akachukua kijiko, akachota uji, akaupuliza. Nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono yote miwili.

"Chumvi nyingi," akasema, mdomo umejaa. "Kuleni basi."

Tukala.